Isiyopitisha Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sifa hii imeandikwa kwenye makoti, saa, simu, rangi za ukuta, viatu na mahema, na kila mahali ina maana yake. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi. Yameanza na ya msingi, kisha yakaingia kwenye mambo ambayo watu huyagundua baada ya kitu kuharibika.

## Maana

1. "Isiyopitisha maji" ni nini hasa?

Ni sifa ya kitu ambacho maji hayapenyi kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hiyo ndiyo maana ya msingi, na ni fupi. Kazi inabaki kwenye matumizi, kwa sababu hakuna kitu kinachozuia maji ya kila namna, kwa nguvu yoyote, siku zote. Koti linalokukinga na manyunyu linaweza kushindwa na mvua ya saa nzima. Simu iliyotolewa salama ndani ya ndoo inaweza kuingia maji ikioshwa kwa bomba la nguvu.

Kwa hiyo sifa hii haijakamilika mpaka ifuatwe na mambo matatu: maji ya namna gani, kwa mgandamizo gani, na kwa muda gani. Lebo inayotaja yote matatu imekupa ahadi unayoweza kuipima. Lebo isiyotaja hata moja imekupa neno tu, nawe usiliwekee uzito wowote unapoamua kununua.

2. Inatofautianaje na "inayostahimili maji" na "inayofukuza maji"?

Ni ngazi tatu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi.

Kitu kinachofukuza maji kina uso usiokubali kulowa. Mfano mzuri ni jani la gimbi: tone likiangukia juu yake hujikunja likawa duara na kuviringika hadi chini, jani likabaki kavu. Wanasayansi hupima pembe ambayo tone hufanya na uso lilipokaa. Ikizidi nyuzi 90, uso huo unakataa maji. Ikizidi nyuzi 150, unayakataa kwa kiwango cha juu kabisa. Lakini kukataa maji kwenye uso si sawa na kuyazuia. Kitambaa kilichopakwa dawa ya kufukuza maji bado kina matundu kati ya nyuzi zake, na ukikigandamiza kikiwa na maji juu, yatapita.

Kinachostahimili maji huyachelewesha. Kwa muda fulani, au chini ya mgandamizo fulani, hakiingizi, ukizidisha, kinaingiza. Ukweli ni kwamba bidhaa nyingi zinazouzwa kama zisizopitisha maji ziko hapa.

Kisichopitisha maji kina ukuta kamili: utando, mpira, plastiki, au kuta zilizozibwa kwenye maungio. Uso wake unaweza kulowa kabisa, ila maji hayavuki. Ndiyo maana koti la mpira hulowa nje na kukuacha mkavu ndani.

3. Na "inayostahimili hali ya hewa"?

Hiyo ni pana zaidi. Pamoja na mvua inabeba jua, upepo, vumbi, joto, baridi na chumvi iliyo hewani. Plastiki nyingi hazipitishi tone, lakini miale ya urujuanimno ya jua huzikausha mpaka zikapasuka. Turubai la namna hiyo linazuia maji leo, na baada ya muda juani linavuja. Ukinunua kitu cha kukaa nje mwaka mzima, ulizia jua kama unavyoulizia mvua.

## Kulisema na kuliandika

4. Ni "koti isiyopitisha maji" au "koti lisilopitisha maji"?

Koti *lisilopitisha* maji. Sifa hii kwa Kiswahili ni kitenzi chenye kirejeshi, kwa hiyo hufuata ngeli ya jina: kiatu kisichopitisha, viatu visivyopitisha, ukuta usiopitisha, mahema yasiyopitisha, simu isiyopitisha, rangi zisizopitisha. Umbo la "isiyo-" limezoeleka kwa sababu matangazo mengi ni ya simu, saa na nguo, zote za ngeli ya I-ZI. Hilo halilifanyi kuwa umbo la kila kitu. Dukani wengi husema tu "wotaprufu", na neno hilo halibadiliki, lakini kwenye maandishi rasmi upatanisho ni lazima.

5. Naweza kusema "lisilopenya maji"?

Watu husema na huelewana, ila kinachopenya ni maji, si koti. Andika *lisilopenyeza maji* au *lisilopenyeka*. Kwa paa, ndoo, tangi na mtumbwi, neno la kawaida ni *halivuji* au *hauvuji*, na ni zuri kuliko yote hayo. Kwa simu na saa, wengi husema *haiingii maji*, na hakuna kosa.

Angalia pia tofauti ya *-a kuzuia maji*. "Dawa ya kuzuia maji" ni dawa inayokifanya kitu kingine kisipitishe. Ukiandika "dawa isiyopitisha maji" unaisifu dawa yenyewe, na fundi anayesoma maelezo anaweza kubaki anajiuliza uliwaza nini.

6. Vipi kuhusu wanja, wino na mafuta ya kukinga jua?

Hapa hakuna cha kupitisha. Kinachoahidiwa ni kwamba kitu hakitatoka kikilowa, kwa hiyo sema *wanja usiofutika kwa maji*, *wino usioyeyuka majini*.

Mafuta ya kukinga jua yana historia yenye funzo. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa kanuni mwaka 2011 iliyokataza kabisa kuandika kwamba mafuta hayo hayaathiriwi na maji wala jasho. Kinachoruhusiwa ni kusema yanastahimili maji, tena kwa muda unaotajwa: dakika 40 au dakika 80. Muda ukiisha, unapaka upya. Natamani bidhaa nyingine zote zingelazimishwa kuandika hivyo.

## Nguo, viatu na mahema

7. Namba kama 5,000 mm au 10,000 mm kwenye lebo ya koti inahesabu nini?

Inahesabu urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kilibeba kabla hakijaanza kuvuja. Kitambaa hukazwa kwenye mashine, mgandamizo wa maji upande mmoja huongezwa polepole, na mpimaji huangalia matone yanapojitokeza upande wa pili. Milimita 10,000 ni mita 10 za maji, mgandamizo unaokaribia ule wa hewa inayotuzunguka.

Mvua inayoanguka haigandamizi kiasi hicho. Namba kubwa inahitajika pale mwili au mzigo unapogandamiza kitambaa kilicholowa: mabegani chini ya mikanda ya begi, magotini unapopiga goti, na makalioni unapoketi kwenye kitu chenye maji. Kwa sababu hiyohiyo sakafu ya hema huhitaji namba kubwa kuliko paa lake. Ukiona hema lenye namba moja tu, uliza ni ya paa au ya sakafu.

8. Koti langu halivuji, mbona nalowa ndani?

Mara nyingi ni jasho lako. Mwili unaotembea hutoa mvuke mwingi, na ukuta unaozuia maji kuingia unaweza kuzuia mvuke kutoka. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa mpira ulioyeyushwa. Mvua haikupita, lakini mvaaji alitokota ndani, na mpira wenyewe ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Kunata na kukakamaa kulipata dawa baada ya Charles Goodyear kugundua, mwaka 1839, kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa unatulia. Jasho lilisubiri zaidi. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alivuta ghafla kipande cha plastiki iitwayo PTFE kilichopashwa moto na kupata utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke unapita. Hiyo ndiyo asili ya Gore-Tex, utando unaotumika kwenye makoti mengi ya mvua.

Utando wa aina hiyo una masharti. Mvuke hutoka vizuri pale ndani kukiwa na joto na unyevu kuliko nje. Hewa ya nje ikiwa na joto na imejaa unyevu, mvuke hauna pa kukimbilia, na koti la bei yoyote litakulowesha kwa jasho. Kufungua zipu za kwapani kunasaidia kuliko kubadilisha koti.

Sababu ya pili ni mishono. Kila tundu la sindano ni mlango. Wayupik na Wainuit wa nchi za barafu walijua hili zamani: walishona makoti ya mvua kwa utumbo wa sili na walarasi, wakitumia uzi wa kano ambao ukilowa huvimba na kuziba matundu ya sindano. Leo mishono hubandikwa utepe kwa ndani. Geuza koti uangalie. Kama hakuna utepe kwenye mishono, kitambaa chaweza kuwa kizuri sana na koti likavuja.

9. Zamani maji yaliviringika juu ya koti, sasa linalowa. Limeharibika?

Pengine hapana. Kilichochoka ni dawa ya kufukuza maji iliyo juu (swali la 2), si utando ulio chini. Kitambaa cha nje kikilowa, koti huwa zito na la baridi, na mvuke hushindwa kutoka, hivyo unadhani linavuja.

Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, lisuuze sana, kisha likaushe kwa joto la chini kama lebo inaruhusu. Joto huiamsha dawa iliyobaki. Usitumie kabisa kilainisha nguo, kwani huacha mabaki yanayovuta maji. Isipotosha, paka dawa mpya ya kunyunyizia. Uchafu na mafuta ya mwili huua sifa hii haraka kuliko kufua, kwa hiyo kutolifua koti ili "kulitunza" ni kulidhulumu.

10. Ni kweli dawa hizo zina sumu?

Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kemikali zenye florini ambazo haziozi katika mazingira. Mbili zinazojulikana sana zimeorodheshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza: PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Watengenezaji wengi wamehamia dawa zisizo na florini. Hizo hufukuza maji vizuri, lakini mafuta na uchafu huzishinda mapema, kwa hiyo zinataka kufuliwa na kupakwa upya mara nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, usumbufu huo ni mdogo ukilinganisha na kemikali inayobaki mtoni vizazi na vizazi.

## Saa za mkononi

11. Saa imeandikwa mita 30. Naweza kupiga mbizi mita 30?

Hapana. Namba hiyo inatokana na jaribio la maabara: saa mpya, ikiwa imetulia, ndani ya mgandamizo unaolingana na kina hicho. Kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida, ISO 22810, kinaruhusu kupima sampuli badala ya kila saa. Kwa kawaida mita 30 huchukuliwa kuwa ni kunawa mikono na mvua, mita 50 kuogelea kidogo, mita 100 kuogelea bila hofu.

Utasikia kwamba kupiga mikono majini huongeza mgandamizo mara nyingi na ndiyo maana namba haiaminiki. Hesabu haikubali. Mkono ukikata maji kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni kasi kubwa, huongeza mgandamizo sawa na kina cha mita 1.3 hivi. Sababu za kweli ni nyingine: mpira wa kuziba unaozeeka, kitufe cha pembeni kilichovutwa kidogo bila mwenyewe kujua, saa iliyogongwa, na kutoka kwenye maji ya moto kuingia ya baridi.

12. Saa ya mzamiaji ina tofauti gani?

Ina kiwango chake, ISO 6425. Kina cha chini kabisa ni mita 100, kila saa hupimwa moja moja, na mgandamizo wa jaribio huzidi ulioandikwa kwa asilimia 25. Kama huoni kiwango hicho wala neno la uzamiaji kwenye saa, mita 200 pekee hazitoshi kuifanya ya kuzamia.

## Simu na vifaa vya umeme

13. IP67 na IP68 maana yake nini?

Ni alama za kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, ni ya vumbi na vitu vigumu. 6 ina maana vumbi haliingii kabisa. Ya pili, 0 hadi 9, ni ya maji. Ukiona X, kama IPX4, tarakimu hiyo haikutajwa. Usiisome kama sifuri.

Upande wa maji, 4 ni kurushiwa maji kutoka kila upande, 5 na 6 ni maji ya bomba lenye nguvu, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Tarakimu 8 ni kuzamishwa katika hali kali kuliko hiyo, na kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo simu mbili zenye IP68 zinaweza kuwa na ahadi mbili tofauti. Soma maandishi madogo.

14. Basi 8 inazidi 5 na 6?

Si lazima, na hili hupotosha wengi. Kuzamishwa na kupigwa na maji ya kasi ni majaribio tofauti. Kifaa cha IPX7 au IPX8 hakihesabiwi kuwa kimefaulu jaribio la bomba mpaka kiandikwe yote mawili, kwa mfano IPX5/IPX7. Redio ya IPX7 iliyotumbukia kwenye ndoo itapona. Ukiielekezea bomba la kuoshea gari, huna ahadi yoyote.

15. Naweza kuogelea baharini na simu ya IP68?

Usifanye hivyo. Jaribio hufanywa kwa maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri na hula metali, hasa kwenye tundu la kuchaji. Sabuni ni hatari kwa njia yake: hupunguza mvuto wa uso wa maji, nayo yakapata kupita kwenye upenyo ambao maji matupu yangeshindwa. Dawa ya bwawa la kuogelea na mvuke wa moto wa bafuni havikuwemo kwenye jaribio.

Mambo haya yamefika mbele ya sheria. Novemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 kwa namna ilivyotangaza uwezo wa iPhone dhidi ya maji huku waranti ikikataa madhara ya maji. Mwaka 2022, mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikitumika kwenye mabwawa na baharini, ilhali tundu la kuchaji lingeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa ikiwa bado imelowa.

16. Simu imetumbukia. Niiweke kwenye mchele?

Hapana, mchele huingiza vumbi na wanga kwenye matundu. Izime, ifute, igeuze tundu la kuchaji liangalie chini, iache mahali penye hewa. Usiichaji mpaka ikauke kabisa. Kama maji yalikuwa ya bahari, mimina kwanza maji safi kidogo kuondoa chumvi.

## Majengo

17. Kuzuia unyevu na kuzuia maji ni kazi moja?

Ni mbili. Kuzuia unyevu ni kukata maji yanayofyonzwa taratibu na ukuta kutoka ardhini, kama utambi unavyofyonza mafuta. Tabaka jembamba linatosha. Kuzuia maji ni kuyakinga yanayosukuma: chumba cha chini ya ardhi, tangi, bwawa, paa tambarare. Tabaka la kazi ya kwanza likipewa kazi ya pili, litashindwa, na aliyelaza tofali atalaumiwa bure.

18. Zege halipitishi maji?

Zege bora hupitisha kidogo sana, lakini lina vitundu, na maji mengi wakati wa kuchanganya huviongeza. Hata hivyo uvujaji mwingi hauanzii kwenye zege lenyewe. Huanzia kwenye nyufa, maungio na pale bomba linapotoboa ukuta. Waliojenga bwawa kubwa la kuogea la Mohenjo-daro, mji wa kale katika Pakistan ya leo, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walipanga matofali yakabana sana na kuongeza tabaka la lami asilia. Walijua kwamba maji hutafuta kiungo.

Paka dawa upande ambao maji yanatokea, kila inapowezekana, ili mgandamizo uibane ukutani. Ukipaka upande wa ndani, maji yatausukuma mpako mpaka utoke. Kabla ya kuweka vigae bafuni, ziba tundu la kutolea maji, jaza kidogo na uache siku nzima. Ni subira ndogo inayookoa kubomoa.

## Hali za pembeni

19. Kitu kisichopitisha maji hakipitishi hewa pia?

Si lazima. Utando wa swali la 8 unapitisha mvuke. Simu nyingi zina kitundu kidogo chenye utando wa namna hiyo ili mgandamizo wa ndani na wa nje ulingane.

20. Sifa hii hudumu muda gani?

Hakuna muda mmoja. Mpira hukauka, gundi huachia, na kila kitu kikifunguliwa kutengenezwa, jaribio la kiwandani halihusiki tena. Simu iliyobadilishwa kioo ihesabu kuwa haina kinga, isipokuwa fundi amerudisha gundi ya kuziba na kuipima. Saa ipimwe kila inapobadilishwa betri.

21. Sanduku langu halivuji, mbona kamera imepata ukungu ndani?

Kwa sababu ulifungia hewa yenye unyevu. Joto likishuka, mvuke uliomo hugeuka matone juu ya kitu chenye baridi zaidi, mara nyingi kioo cha lenzi, na sanduku linalozuia maji kuingia linayazuia pia kutoka. Lifunge mahali pakavu, weka vifuko vya chembe za kufyonza unyevu, na usiingize kamera iliyolowa ukidhani itakaukia humo. Vifuko vikishashiba havifyonzi tena; vikaushe kama maelezo yake yanavyosema au uviweke vipya.